Je, nyangumi wa buluu wamenyamaza? Wimbo, njaa na asilimia zilizosomwa vibaya

Tangu katikati ya mwaka 2025 kuna habari inayorudi kila mara katika makundi ya WhatsApp hapa Bukavu, mji wetu wa mashariki mwa Kongo kando ya ziwa Kivu, na kila inapopita kutoka simu moja hadi nyingine huongezewa chumvi kidogo. Inasema kwamba nyangumi wa buluu, mnyama mkubwa kuliko wote duniani, ameacha kuimba. Wako walioipokea kuwa dalili ya nyakati za mwisho, wako waliohitimisha kwamba meli zimekwisha kuwaua wote, na wako walioipuuza papo hapo, wakiuliza tangu lini samaki akaimba. Nakala iliyonifikia mimi ilikuja na sauti ya sekunde chache, yenye kuomboleza, ikipanda na kushuka, na ikidaiwa kuwa wimbo wa mwisho uliorekodiwa baharini.

Chini ya chumvi hiyo kuna utafiti wa kweli. Ulichapishwa mwezi wa Februari 2025 katika jarida la kisayansi la PLOS ONE na kundi la watafiti lililoongozwa na John Ryan, mtaalamu wa bahari wa taasisi ya MBARI, iliyoko kwenye ghuba ya Monterey katika jimbo la California, Marekani. Watafiti hao waliisikiliza bahari kwa miaka 6 mfululizo, kuanzia 2015 hadi 2021, wakalinganisha walichokisikia na hali ya chakula ndani ya maji. Matokeo yao hayasemi kwamba nyangumi wamenyamaza. Yanasema kwamba nyimbo zinazosikika hufuata chakula kinachopatikana, na kwamba katika kipindi hicho hicho aina moja ya nyangumi iliendelea kusikika zaidi na zaidi, huku nyingine mbili zikipanda kwa muda kisha zikashuka. Ili kuelewa kwa nini iwe hivyo, tunapaswa kujua kwanza anayeimba ni nani, anakula nini, na ile asilimia inayotajwa katika habari ilihesabu kitu gani hasa.

Mwimbaji na wimbo wake

Nyangumi si samaki. Anapumua hewa kwa mapafu, ana damu yenye joto, anazaa na kunyonyesha mtoto wake, na asipopanda juu kuvuta pumzi hufa maji kama sisi. Jamii yake imegawanyika pande mbili. Upande mmoja wamo wenye meno, pamoja na pomboo. Hao huwinda samaki au ngisi mmoja mmoja. Upande wa pili wamo wasio na meno, ambao katika ufizi wao wa juu yamepangwa mamia ya mabamba membamba yenye nyuzi ngumu, yanayochuja chakula kutoka ndani ya maji. Makala hii inahusu aina tatu za upande huo wa pili: nyangumi wa buluu, anayeweza kufikia urefu wa mita 30, nyangumi pezi, anayemfuata kwa ukubwa, na nyangumi nundu, mwenye mapezi marefu ya mbavuni, ambaye kwa kawaida hufikia mita kama 15. (Kwa wanaouliza habari za nabii Yona: koo la nyangumi wa buluu ni jembamba mno kumpitisha mtu, kwa hiyo huyu tumwondoe katika orodha ya watuhumiwa.)

Wataalamu hutofautisha mlio na wimbo. Mlio ni sauti moja moja, ya kuitana, ya kuonya au ya kuandamana na ulaji, na hutolewa na madume na majike vilevile. Wimbo ni mfululizo wa sauti zenye mpangilio maalumu, unaorudiwa bila kubadilishwa kwa muda mrefu, na kwa kadiri ilivyothibitishwa katika aina hizi tatu, waimbaji ni madume peke yao. Mwaka 1971 Wamarekani Roger Payne na Scott McVay walionyesha katika jarida la Science kwamba sauti za nyangumi nundu zina mpangilio kama huo: vipande vidogo hujenga fungu, mafungu yanayofanana hujenga sehemu, na sehemu hufuatana kwa utaratibu uleule. Wimbo mmoja huchukua kwa kawaida dakika 10 hadi 20, na dume mmoja anaweza kuurudia kwa saa nyingi. Madume wa eneo moja huimba wimbo mmoja, nao hubadilika taratibu mwaka hadi mwaka. Katika Pasifiki ya kusini watafiti wamefuatilia nyimbo mpya zikienea kutoka pwani ya mashariki ya Australia hadi visiwa vya Polinesia ya Kifaransa, nyangumi wa kila eneo wakiiga kwa wenzao wa magharibi.

Nyangumi wa buluu hana madoido hayo. Wimbo wake ni noti chache, nzito, ndefu, na sehemu yake kubwa iko chini kabisa ya uwezo wa sikio la binadamu, ambalo huanza kusikia kwenye masafa ya takriban hezi 20, yaani mitetemo 20 kwa sekunde. Rekodi zake zinazosambazwa kwa ajili ya wasikilizaji wa kawaida huwa zimeharakishwa mara kadhaa ili tupate kusikia chochote. Ndiyo maana niliposikiliza ile sauti ya WhatsApp, yenye kupanda na kushuka waziwazi, ilinibidi nihitimishe kwamba mwenye kuomboleza pale ni nyangumi nundu, yaani yule yule ambaye katika utafiti huo aliongeza kusikika.

Mnyama huyu hutoaje sauti chini ya maji bila kufungua kinywa wala kupoteza hewa? Jibu lilipatikana kwa uhakika mwaka 2024, katika utafiti uliochapishwa na jarida la Nature na kuongozwa na watafiti wa Denmark, waliochunguza makoromeo ya nyangumi waliokufa ufukweni. Hewa inayotoka mapafuni hutikisa mkunjo wa nyama dhidi ya mto mnene wa mafuta ulio ndani ya koromeo, kisha hurudishwa ndani na kutumiwa tena. Jambo moja katika utafiti huo litatufaa baadaye: koromeo hilo lina mipaka. Halifanyi kazi kwenye kina kirefu sana, na sauti zake haziwezi kupanda zaidi ya masafa fulani.

Swali la kwa nini wanaimba lina jibu lisilokamilika. Kwa kuwa waimbaji ni madume, na kwa kuwa nyimbo huongezeka msimu wa kupandana unapokaribia, wanasayansi wengi wanauona wimbo kuwa sehemu ya juhudi za uzazi: kujitangaza kwa majike, kupimana nguvu na madume wengine, au yote mawili. Hakuna ushahidi kwamba nyangumi huimba kwa furaha, wala kwamba hunyamaza kwa huzuni. Hisia hizo tunawavisha sisi.

Chakula kinatoka chini

Nyangumi wa buluu hula karibu kitu kimoja tu: krili, mdudu wa baharini wa jamii ya kamba, mwenye urefu wa sentimita chache. Nyangumi pezi naye hutegemea sana krili. Nyangumi nundu hula krili pia, lakini krili wakikosekana huwageukia samaki wadogo wanaotembea makundi makundi, hasa anchovi, ambao sisi wa huku tungewaita ndagala wa bahari. Tofauti hii ndogo ya mlo ndiyo inayobeba karibu maelezo yote yanayofuata.

Inashangaza kwamba mnyama mkubwa kuliko wote aishi kwa kula vijidudu, lakini ugumu wa maisha yake hauko katika udogo wa krili mmoja. Uko katika namna anavyokula. Nyangumi wa buluu hujitupa mbele kwa kasi akiwa ameachama, ngozi ya koo ikatanuka, akajaza kinywani maji ambayo ujazo wake unaweza kulingana na mwili wake mwenyewe. Kisha hufunga mdomo na kuyasukuma nje kupitia yale mabamba, krili wakabaki ndani. Tendo hilo lina gharama kubwa, kwa sababu anapoachama maji humzuia na kumsimamisha karibu kabisa, na inabidi aanze upya kuongeza kasi. Akijitupa katika kundi zito la krili hupata nguvu nyingi kuliko alizotumia. Akijitupa katika krili waliotawanyika hupata hasara. Kwa hiyo bahari inaweza kuwa na krili wengi kwa jumla na bado nyangumi akalala njaa, ikiwa krili hao hawakusongamana mahali pamoja. Kipimo kinachomhusu yeye ni msongamano, na hapo ndipo watu wengi wanaposoma takwimu za chakula cha baharini hupotea.

Krili nao hula mimea midogo isiyoonekana kwa macho, inayoelea juu ya maji mahali penye mwanga. Mimea hiyo huhitaji mbolea, na mbolea ya bahari huwa chini gizani, kwa sababu kila kilichokufa huzama na kuozea huko. Pwani ya California hutajirika pale pepo za majira ya machipuko na kiangazi zinapovuma sambamba na ufuko. Zikisaidiwa na mzunguko wa dunia, huyasukuma maji ya juu kuelekea bahari kuu, na maji baridi yenye virutubisho hupanda kuchukua nafasi yake. Mimea hustawi, krili huongezeka, nyangumi hufika. Mwaka ambao pepo ni dhaifu au maji ya juu yana joto kupita kiasi, mnyororo huo hulegea kuanzia chini. Maji ya moto ni mepesi. Hukaa juu ya maji baridi na kuyazuia yasipande.

Hili si geni sana kwa watu wa Kivu. Katika ziwa letu, pepo za kiangazi cha Juni hadi Septemba hupoza na kukoroga tabaka la juu, na huo ndio wakati mimea midogo ya ziwa hupata nafuu. Tofauti ni kwamba ukorogaji huo huishia kwenye makumi machache ya mita. Maji ya chini kabisa ya Kivu, yanayofikia kina cha mita 485, hayapandi, na heri yasipande, maana yamebeba gesi ya kaboni na methani kwa wingi wa kutisha.

Sasa turudi California. Utafiti ulianza wakati mbaya kabisa. Kati ya 2014 na 2016 wimbi kubwa la joto lilitanda mashariki mwa Pasifiki Kaskazini. Katika mwaka 2015 kulizuka pia mwani wenye sumu katika eneo kubwa la pwani ya magharibi ya Marekani. Msimu wa uvuvi wa kaa ukacheleweshwa kwa sababu ya sumu hiyo, na simba wa baharini wakaathirika. Krili walikuwa haba. Baada ya joto kupungua, krili walirudi kwa miaka michache, kisha wakapungua tena. Wakati huo anchovi walikuwa wanaongezeka.

Kilichosikika

Kifaa kilichotumika ni haidrofoni, yaani kinasa sauti kilichoundwa kusikiliza ndani ya maji. Kimewekwa sakafuni mwa bahari, karibu mita 900 chini, nje ya ghuba ya Monterey, nacho kimeunganishwa na nchi kavu kwa waya wenye urefu wa kilomita zipatazo 50. Kinasikiliza usiku na mchana. Sauti husafiri majini kwa kasi ya takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, na sauti nzito za nyangumi wa buluu zinaweza kusikika kutoka umbali wa mamia ya kilomita. Mahali ambapo macho hayafiki mita mia moja, masikio hufika mbali.

Mwanzoni, katika miaka ya joto, aina zote tatu zilisikika kidogo. Krili waliporejea, zote tatu ziliongezeka. Krili walipopungua tena, nyangumi wa buluu na nyangumi pezi walishuka, lakini nyangumi nundu hakushuka: siku ambazo wimbo wake ulisikika zilipanda kutoka asilimia 34 ya siku za mwaka hadi asilimia 76 mwishoni mwa utafiti. Alikuwa amebadili mlo. Sampuli ndogo za ngozi zilizochukuliwa kutoka kwa nyangumi nundu wa eneo hilo zilikuwa na alama za kikemia zinazoonyesha kwamba walihama kutoka krili kwenda kwa samaki na kurudi, kufuatana na kilichokuwepo. Nyangumi wa buluu hana uhuru huo wa kuchagua.

Habari nyingi zilizosambaa zilichukua upande wa kushuka peke yake, zikataja punguzo la karibu asilimia 40 kwa nyangumi wa buluu, na wasomaji wakaelewa kwamba nyangumi 40 katika kila 100 wametoweka au wamefungwa midomo. Hapa ndipo kosa kubwa lilipo, na naomba msomaji avumilie nilieleze polepole.

Fikiria mtu anayekaa Nguba, mtaa wa Bukavu ulio karibu na maji, ambaye kila usiku anasikiliza timu za wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa Kivu. Katika usiku wa giza timu hizo hutoka na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zikining'inia juu ya maji, na wapiga kasia huimba ili makasia yaende pamoja: mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia. Mtu wetu ana daftari. Akisikia wimbo usiku huo anaandika alama moja. Asiposikia anaacha wazi. Mwisho wa mwaka anahesabu alama zake na kutangaza: nyimbo zilisikika katika asilimia kadhaa ya siku.

Angalieni daftari hilo lisichoweza kusema. Halisemi walipita wavuvi wangapi, kwa sababu timu moja na timu arobaini zote zimepata alama ileile moja. Mwaka unaofuata alama zikipungua, yawezekana sambaza wamehamia upande wa kisiwa cha Idjwi na timu zimewafuata, nje ya masikio ya Nguba. Yawezekana wavuvi wapo pale pale lakini kazi ni ngumu, wavu unarudi mtupu, na hakuna mwenye pumzi ya kupoteza kwa kuitikia. Yawezekana usiku wa mbalamwezi umekuwa mwingi katika siku alizosikiliza. Mwezi ukiangaza, taa haina nguvu, sambaza hawakusanyiki chini yake, na timu hubaki nyumbani. Yawezekana pia msimu ulikatika mapema na watu wakafunga nyavu. Kati ya sababu zote hizo, ile ya wavuvi kufa ni moja tu, na ni ya mwisho kufikiriwa. Lakini kama mwenye daftari anajua pia hali ya sambaza kwa miaka hiyo yote, na akaona kwamba alama zake hupanda na kushuka pamoja na sambaza, basi amepata kitu cha thamani: anaweza kukisia hali ya ziwa bila kushusha wavu.

Kwa hiyo zile asilimia za Monterey ni asilimia za siku. Zinahesabu siku ambazo wimbo ulisikika walau mara moja ndani ya eneo linalofikiwa na kifaa kimoja, na hazihesabu nyangumi. Watafiti wenyewe walilijua hilo, wakajiuliza maswali yale yale ya daftari: je, wanyama walikuwa wamehama, je, kelele za bahari zilibadilika, je, muda wa kukaa kwao eneo hilo ulirefuka au kufupika. Walichokiona ni kwamba sababu kadhaa zinaweza kuchangia kwa pamoja, lakini hali ya chakula ndiyo inayoyafunga yote. Krili wakitawanyika, nyangumi nao hutawanyika kuwatafuta. Wachache hubaki karibu na kifaa, na waliobaki wanatumia muda wao kutafuta.

Mwenye njaa hana muda wa kuimba

Kiungo kati ya ulaji na wimbo hakitegemei utafiti mmoja. Mwaka 2020, watafiti wa Stanford na MBARI walichapisha katika jarida la Current Biology matokeo kutoka haidrofoni hiyo hiyo, wakionyesha kwamba katika msimu wa kula nyangumi wa buluu wa California huimba zaidi usiku. Mchana krili hushuka na kujikusanya pamoja gizani, na huo ndio wakati wa kujitupa na kuachama. Usiku krili hupanda juu na kusambaa, faida ya kula hupungua, na madume hupata nafasi ya kuimba. Msimu wa kula unapokwisha na safari ya kuelekea maji ya joto ya kusini inapoanza, mpangilio hugeuka, na nyimbo za mchana huongezeka. Mtu aliyekaa ofisini na rekodi hizo anaweza kujua wanyama wameanza safari bila kumwona hata mmoja wao.

Upande wa pili wa Pasifiki, nchini New Zealand, watafiti wa Oregon State University walisikiliza nyangumi wa buluu wa ghuba ya South Taranaki kati ya 2016 na 2018, wakachapisha matokeo mwaka 2023. Walitenganisha milio inayoandamana na ulaji na nyimbo za madume. Wimbi la joto lilipofika, milio ya ulaji ilipungua katika machipuko na kiangazi. Kisha, katika msimu uliofuata, nguvu ya nyimbo nayo ikapungua. Nauona ushahidi huu kuwa wa maana kuliko ule wa Monterey kwa jambo moja: unaonyesha mfuatano. Kwanza kula kunayumba, halafu juhudi za uzazi zinayumba, katika mnyama ambaye hulazimika kuweka akiba ya mafuta mwilini kabla ya kwenda kupandana mahali pasipo na chakula kingi.

Swali la kutoweka lina majibu yake mahali pengine, katika hesabu za picha na safari za kuwahesabu wanyama. Nyangumi wa buluu waliwindwa vibaya katika karne ya 20, hasa katika bahari za kusini. Uwindaji wao ulipigwa marufuku duniani mwaka 1966, na marufuku ya jumla ya kuwinda nyangumi kwa biashara ilianza kutumika 1986. Wale wa mashariki mwa Pasifiki Kaskazini wanakadiriwa kuwa takriban 2,000. Ni wachache, lakini wapo, na katika mwaka wenye krili wanasikika.

Na zile meli za uvumi? Si wasio na hatia, ila kosa lao ni jingine. Meli huwagonga nyangumi, na kelele za injini zao huangukia katika masafa yale yale ambayo nyangumi wasio na meno huyatumia. Hapa ndipo inapofaa ile mipaka ya koromeo: mwimbaji hawezi kupandisha sauti yake juu ya kelele hizo, wala kushuka akaimbie kwenye kina kirefu penye utulivu. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, safari za meli katika ghuba ya Fundy nchini Kanada zilipungua kwa siku kadhaa, kelele za chini ya maji zikashuka, na uchunguzi wa kinyesi cha nyangumi wa eneo hilo ukaonyesha kwamba homoni za msongo wa mawazo nazo zilishuka. Kelele huwaumiza, basi. Lakini kelele peke yake haziwezi kueleza kwa nini nyangumi nundu aongeze kusikika katika maji yale yale ambamo nyangumi wa buluu alipungua.

Kuna jambo jingine linalochanganywa na hili, nalo nitalipitia haraka. Nyimbo za nyangumi wa buluu zimekuwa zikishuka masafa, yaani sauti inazidi kuwa nzito, mwaka hadi mwaka, tangu miaka ya 1960. Wale wa California huimba sasa kwa masafa yaliyo chini kwa zaidi ya robo kuliko wakati huo. Mabadiliko hayo yameonekana pia katika makundi ya bahari nyingine, yamepewa maelezo kadhaa yanayopingana, na hayahusiani na ile hesabu ya siku. Anayeambiwa kwamba sauti ya nyangumi "inashuka" na aulize kwanza kama ni masafa yake au ni wingi wake.

Upande wetu wa bahari

Kongo ina kipande kifupi cha pwani, kilomita zipatazo 40 karibu na Muanda, na nyangumi hawako mbali na hapo. Kila mwaka, kuanzia karibu mwezi wa Juni, nyangumi nundu hupanda kutoka bahari baridi za kusini na kufika maji ya joto ya Gabon na majirani zake ili kuzaa na kupandana. Madume huimba huko. Njiani hupita pwani za Namibia na Afrika Kusini, ambako maji baridi hupanda kutoka chini kwa namna ile ile ya California, na ambako mwaka 2011, 2014 na 2015 watafiti walikuta makundi ya nyangumi nundu 20 hadi 200 wakila pamoja, jambo ambalo halikutarajiwa katika msimu huo na mahali hapo, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba hula karibu na Antaktika pekee.

Mwaka 2008 haidrofoni ziliwekwa kaskazini mwa Angola, kusini tu ya mdomo wa mto wetu wa Kongo, na kuwasikiliza waimbaji hao kwa miezi kadhaa. Matokeo yalichapishwa 2014. Huko nako idadi ya waimbaji waliosikika ilipungua kwa vipindi, na mtu aliyezoea habari za California angeweza kufikiri mara moja juu ya njaa. Lakini kule ni mahali pa kuzalia, na nyangumi nundu kwa kawaida hawali wakiwa huko. Kilichopanda na kushuka kinyume na nyimbo hizo kilikuwa milipuko ya hewa ya mitambo inayotafuta mafuta chini ya sakafu ya bahari: kadiri milipuko ilivyosikika kwa nguvu zaidi kwenye kifaa, ndivyo waimbaji walivyopungua.